Kutoka Kiwindje hadi Kivinje: Historia Fupi ya Kubadili Maandishi kwa Ruwaza

1. Utangulizi

Tulipokuwa tukitayarisha orodha ya majina ya mahali ya Kilwa na pwani ya Lindi, kwa faida ya wafasiri wa nyaraka za zamani, tulifanya kosa ambalo ndilo lililozaa makala haya. Majina yalikusanywa kutoka vyanzo vya namna mbili: ramani na taarifa za wakati wa Wajerumani, na orodha za baadaye zilizoandikwa kwa tahajia tunayoitumia leo. Yote yakaingizwa katika faili moja pamoja na maelezo mafupi ya kila mahali. Jina la Nyangamara, kata iliyo katika Mkoa wa Lindi, lilikuwamo kwa tahajia ya Kijerumani, yaani Njangamara. Tuliona kazi ni nyepesi. Tuliiamuru kompyuta itafute kila palipo na nj, na mahali pake iweke ny.

Amri ilitekelezwa kabla hatujapepesa macho. Njangamara ikawa Nyangamara, nasi tukaridhika. Hatukuona kwamba wakati huo huo Njinjo ya Wilaya ya Kilwa imekuwa Nyinyo. Kwamba Nanjirinji imekuwa Nanyirinyi na Kivinje imekuwa Kivinye. Na kwamba katika maelezo kila njia imekuwa nyia na kila kiwanja kimekuwa kiwanya. Faili lilikuwa limekwisha kuhifadhiwa na lilikaribia kupelekwa kwa mpiga chapa. Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja mzaliwa wa huko, ambaye aliombwa aipitie orodha. Alituandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: “Ndugu, kwetu ni Njinjo. Huko Nyinyo sikujui.”

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwamba kazi ya kubadili maandishi kwa kanuni za herufi haikuletwa na kompyuta. Lugha yetu imekwisha kupitia mabadiliko ya namna hiyo mara kadhaa, na waliofanya kazi hiyo kwa kalamu walikutana na mitego ile ile ambayo leo tunakutana nayo katika mashine. Baada ya hapo tutaeleza mashine yenyewe inavyofanya kazi, kisha tutatoa mapendekezo ya istilahi.

2. Sauti moja, herufi nyingi

Kilwa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa jina lake limeandikwa kwa namna nyingi. Historia ya masultani wake iliandikwa kwa Kiarabu. Wareno, ambao Pedro Álvares Cabral aliwafikisha huko mwaka 1500, waliandika Quíloa, na João de Barros alitumia tahajia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1552. Wajerumani na Waingereza waliandika Kilwa.

Wenyeji wenyewe walikwisha kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya Wajerumani na Waingereza. Katika hati hizo, kwa desturi, herufi moja iliweza kubeba sauti kadhaa: be ilitumika kwa b, kwa p na hata kwa mb, fe ilitumika kwa f na kwa v. Msomaji hakupotea, maana aliijua lugha. Aliposoma alichagua sauti iliyofaa kwa kufuata maana. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao katika uwanda wa juu wa Makonde, aliandika kwa Kiswahili barua yake mashuhuri ya kumkatalia Wissmann, mjumbe wa Wajerumani. Mwaka 1892 Büttner alichapisha huko Ujerumani mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu. Kila aliyehamisha maandishi ya aina hiyo kwenda hati za Kirumi alipaswa kuamua, neno kwa neno, kama be ni b au p. Kanuni ya herufi peke yake haikumtosha.

Katika hati za Kirumi nako hapakuwa na njia moja. Wamisheni Waingereza wa Unguja walifuata mtindo wa Edward Steere, ambaye kitabu chake cha mafunzo ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870. Wachoraji wa ramani wa Kijerumani, kwa upande wao, waliandika majina jinsi ambavyo Mjerumani angeyatamka. Basi Bagamoyo iliandikwa Bagamojo, Nyasa ikawa Njassa, Rufiji ikawa Rufidji, Ujiji ikawa Udjidji, Masasi ikawa Massassi, Songea ikawa Ssongea, Mwanza ikawa Muansa na Kilwa Kivinje ikawa Kilwa Kiwindje.

3. Mtego wa mpangilio na mtego wa herufi yenye sauti mbili

Mtu anayetaka kuyarudisha majina hayo katika tahajia ya leo aweza kudhani kwamba inamtosha kuwa na kanuni chache, k.v. hizi:

(a) j iwe y: Bagamojo, Bagamoyo.
(b) dj iwe j: Rufidji, Rufiji.
(c) s iwe z: Sansibar, Zanzibar.
(d) ss iwe s: Massassi, Masasi.
(e) w iwe v: Kiwindje, Kivinje.

Kila kanuni, ikitazamwa peke yake, ina ukweli ndani yake. Matata huanza zinapotumiwa pamoja. Tukianza na (b) kisha tukaja kwenye (a), Rufidji itakuwa Rufiji, na mara itakuwa Rufiyi. Tukianza na (d) kisha (c), Massassi itakuwa Masasi, halafu itakuwa Mazazi, na Ssongea itakuwa Zongea. Kumbe kanuni tano zenye kweli, zikipangwa vibaya, zaweza kuzaa orodha nzima ya uwongo.

Dawa ya tatizo hili inajulikana na kila mtu aliyewahi kuwa na vikombe viwili, kimoja cha maziwa na kimoja cha maji, akatakiwa kubadilisha vilivyomo: hana budi kutafuta kikombe cha tatu. Vivyo hivyo, kila dj hugeuzwa kwanza kuwa alama isiyotumika kabisa katika maandishi, k.v. #. Kisha kila j iliyobaki hugeuzwa kuwa y. Mwishowe # hugeuzwa kuwa j. Njia nyingine ni kuweka sharti katika kanuni yenyewe: j iwe y, ila tu pale ambapo haikutanguliwa na d.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi, na jina la Kilwa Kiwindje linauonyesha vizuri kuliko jina lolote tulijualo. Jina hilo lina w mbili. Ya kwanza ni w ya kweli, ya pili ni v iliyovaa nguo ya Kijerumani. Kanuni (e) ikitumiwa bila sharti italeta Kilva Kivinje. Tukiweka sharti kwamba w igeuke tu ikiwa katikati ya irabu mbili, Kilwa itaokoka na Kivinje itapatikana. Lakini Liwale itakuwa Livale, na Kilwa Kisiwani itakuwa Kilwa Kisivani. Tukibana zaidi na kusema kwamba w igeuke ikiwa kati ya irabu na i, basi Liwale na Kisiwani zitapona. Lakini katika maelezo ya orodha, tawi litakuwa tavi na nchi jirani ya Malawi itakuwa Malavi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Hakuna sharti la herufi linaloweza kuipambanua w ya Kisiwani na w ya Kiwindje kwa hakika katika kila neno, kwa sababu tofauti yao haimo katika herufi. Imo katika vinywa vya watu wa Kilwa. Kanuni yaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi, na ni vyema ifanye. Lakini sehemu inayobaki haina mwamuzi mwingine ila mtu anayepajua mahali.

4. Kazi ya kalamu, 1928 hadi 1939

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza serikali za Kiingereza za Afrika Mashariki zilitaka tahajia moja kwa ajili ya shule. Mkutano wa elimu ulifanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari, 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake. Miongoni mwa kazi za Kamati ilikuwa kuzipitia hati za vitabu vya shule na kuzirekebisha ili zilingane katika tahajia. Kamusi iliyosimamiwa na Johnson ilitoka mwaka 1939.

Kazi hiyo nayo ilikuwa ya kutafuta na kubadili, isipokuwa mashine yake ilikuwa jicho na kalamu. Chukua mfano wa kh. Velten, katika jina la kitabu chake cha mwaka 1903 kuhusu desturi za Waswahili, aliandika khabari. Tahajia sanifu ikachagua habari; kheri ikawa heri, alkhamisi ikawa alhamisi. Kanuni yaonekana nyepesi: kh iwe h. Lakini tuitazame ikifanya kazi bila macho. Sheikh angekuwa sheih, wala si shehe, maana badiliko la neno hilo halikuwa la herufi moja tu. Mji wa Khartoum ungekuwa Hartoum. Na mwananchi wa Unguja aitwaye Khamis angeamka asubuhi akajikuta Hamis, jina ambalo hakupewa na wazazi wake wala halimo katika hati zake. Mhariri mwenye kalamu aliweza kusimama kwenye kila neno na kujiuliza. Alikuwa mwepesi wa kuchoka na wa kurukia mistari, lakini hakuweza kuharibu majina elfu kwa sekunde moja.

5. Mashine ya ruwaza

Chimbuko la mashine tunayoizungumzia si ofisi wala kiwanda cha uchapaji. Mwaka 1951 Stephen Kleene, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, aliandika taarifa juu ya mifano ya kihisabati ya mishipa ya fahamu, ambayo ilichapishwa mwaka 1956. Humo alibuni namna ya kueleza kwa alama chache mkusanyo mzima wa mifuatano. Mwaka 1968 Ken Thompson, wa maabara ya Bell, alieleza jinsi ya kuifanya kompyuta itumie alama hizo kutafuta maneno ndani ya maandishi, naye akaziingiza katika programu za kuhariri. Mwaka 1973 ikatoka programu ya grep, ambayo kazi yake ilikuwa kutafuta tu na kuonyesha mistari iliyopatikana. Tangu hapo uwezo huo umeenea katika karibu kila kihariri cha msimbo, yaani programu ambayo watungaji wa programu huitumia kuandika na kurekebisha kazi zao. Mfasiri na karani nao waweza kuitumia kwa maandishi yoyote yasiyo na mapambo.

Msomaji aliyesoma aljebra shuleni hatapata taabu. Katika aljebra herufi moja husimama badala ya namba yoyote. Katika mashine hii alama husimama badala ya herufi yoyote. Nukta ni herufi yoyote moja. Alama ya kujumlisha baada yake ina maana ya “moja au zaidi”. Alama ^ ni mwanzo wa mstari na $ ni mwisho wake. Mabano hukamata kilichopatikana ili kiweze kutumiwa tena. Tuseme tuna orodha yenye mistari ya namna hii:

Rufidji - Rufiji
Bagamojo - Bagamoyo

nasi tunataka jina la leo litangulie. Tutaamuru itafutwe ^(.+) - (.+)$ na mahali pake iwekwe \2 - \1, yaani kilichokamatwa na mabano ya pili kwanza, kisha cha kwanza. Orodha ya mistari elfu tano itageuzwa mara moja. Karani wa zamani angeifanya kazi hiyo kwa majuma.

Lakini hapo pia kuna mtego. Tuseme mstari mmoja una sehemu tatu: Rufidji - Rufiji - mto. Alama ya “moja au zaidi” ina ulafi: hula herufi nyingi kadiri inavyoweza. Mabano ya kwanza yatakamata Rufidji - Rufiji, na ya pili yataachiwa mto peke yake. Matokeo yatakuwa mto - Rufidji - Rufiji, mstari ambao hakuna aliyeukusudia. Mashine haikukosea, ilitii amri kama ilivyoandikwa.

6. Kiswahili na upatanisho wake

Mitego tuliyoitaja yaweza kumpata mtu wa lugha yoyote. Kiswahili kina mitego yake zaidi, kwa sababu maneno yetu hujengwa kwa viambishi na sentensi zetu hufungwa kwa upatanisho.

Tuseme katika waraka fulani neno kata latakiwa kubadilishwa kuwa tarafa. Tukiiamuru mashine bila kuiwekea mipaka ya neno, mkataba utakuwa mtarafaba na kukataa kutakuwa kutarafaa. Kosa hilo linachekesha na huonekana upesi. Tukiweka mipaka ya neno, litatoweka; lakini katani, lenye maana ya “katika kata”, halitaguswa, ingawa tulitaka liguswe.

Kosa baya zaidi ni lile lisilochekesha. Tuseme kitengo kimepandishwa hadhi kuwa idara, na ofisi inataka nyaraka zake zibadilishwe. Sentensi “Kitengo hiki kilianzishwa ili kihudumie wakulima” itatoka hivi: “Idara hiki kilianzishwa ili kihudumie wakulima.” Jina limebadilika, lakini hiki, kilianzishwa na kihudumie vimebaki vikimsubiri bwana aliyekwisha kuondoka. Wala hatuwezi kuiamuru mashine igeuze kila ki- kuwa i-, maana ki- nyingine katika waraka huo ni za kitabu, za kijiji na za kikao.

Wataalamu wamelishughulikia jambo hili. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Finland alitoa mfumo wa kuchambua maumbo ya maneno kwa kompyuta, na mwaka 1992 mwenzake Arvi Hurskainen alichapisha maelezo ya kuutumia mfumo huo kwa Kiswahili. Humo kompyuta hupewa mashina, viambishi na ngeli, hata iweze kutambua kwamba katika kumkata lipo shina kata. Jambo la kuzingatia ni kwamba mafanikio hayo hayakupatikana kwa kuongeza ujanja wa alama peke yake. Yalipatikana kwa kuifundisha mashine sarufi. Kihariri cha kawaida kilicho mezani mwa karani hakina mafunzo hayo. Kinajua herufi tu.

7. Istilahi

Tunaleta mapendekezo yafuatayo ili wasomaji wayajadili.

Neno ruwaza limekwisha kuzoeleka kwa maana ya mpangilio unaojirudia, nalo linatosha. Kwa kazi yenyewe twapendekeza tafuta-na-badili, maana kila mtumishi ataielewa bila kamusi.

Tatizo liko katika jina la zile alama zenyewe. Wapo waelekeao kusema usemi wa kawaida, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Tafsiri hiyo haifai. Mfuatano kama ^(.+) - (.+)$ si usemi ambao mtu wa kawaida angeutamka, na sifa aliyoitumia Kleene haikuwa na maana ya “-a siku zote”. Tena Kleene mwenyewe hakuridhika nayo: katika maandishi yake aliwaomba wasomaji wampe neno lenye kueleza vizuri zaidi. Ni nadra kwa mwasisi kuacha mlango wazi namna hiyo, nasi hatuna sababu ya kusimama nje. Walimu wa hisabati wanalo neno mtajo, litumikalo katika aljebra kwa mkusanyiko wa alama na herufi zenye thamani. Twapendekeza basi mtajo ruwaza, wingi mitajo ruwaza. Utohozi kama rejeksi unawezekana, lakini haumfundishi mwanafunzi kitu.

Kwa tabia ya alama kula herufi nyingi kadiri iwezekanavyo, neno ulafi latosha lenyewe: mtajo ruwaza mlafi. Kinyume chake kiwe mtajo ruwaza wenye kiasi.

8. Hitimisho

Historia tuliyoieleza yatufundisha utaratibu wa kazi. Kwanza, asili ihifadhiwe mahali pengine kabla ya badiliko lolote; sisi tuliyarudia majina yetu yote kutoka ramani na orodha za kwanza, na kazi ya sekunde moja ikatugharimu siku nne. Pili, mtajo utumiwe kwanza kutafuta tu, na yale yaliyopatikana yasomwe, ndipo ruhusa ya kubadili itolewe. Tatu, kanuni zote ziandikwe pamoja na mpangilio wake, ili atakayefuata ajue ni ipi ilitangulia. Nne, maandishi ya vyanzo mbalimbali yasichanganywe kabla ya kubadilishwa: kanuni iliyo ya haki kwa Njangamara ni dhuluma kwa Njinjo.

Tano, na hili ndilo kubwa, majina ya watu na ya mahali yasomewe wenyewe. Jina la kijiji si herufi tu. Limo katika cheti cha kuzaliwa, katika hati ya shamba na katika barua ya mirathi. Mtoto wa Njinjo ambaye orodha ya serikali yamwita mtu wa Nyinyo atatakiwa siku moja athibitishe kwamba kwao kupo. Mzigo huo si wake, ni wetu sisi tulioandika orodha.

Orodha yetu sasa imekamilika. Kabla ya kuipeleka kwa mpiga chapa tuliipeleka tena kwa yule mwenzetu mwenye kalamu nyekundu. Aliirudisha ikiwa na alama mbili tu, nazo zote zilikuwa za haki.